Kengele inayolia mkojo ukishatoka

Anayesikia kwa mara ya kwanza habari za kengele ya kikojozi, kifaa cha kumsaidia mtoto aache kukojoa kitandani, huuliza swali moja, na ana haki ya kuliuliza: ikiwa kengele inalia mtoto akishaanza kukojoa, si imechelewa? Shuka limelowa, godoro limelowa, mdogo wake anayelala naye mzungu wa nne amelowa pia. Kilichoongezeka ni kelele saa nane ya usiku.

Nami niliuliza hivyo hivyo. Nilikuwa kikojozi mpaka darasa la nne, na kwetu dawa zilikuwa mbili: kutochezea moto jioni, maana tuliambiwa anayechezea moto hukojoa kitandani, na kuamshwa na bibi kabla naye hajapanda kitandani. Ile ya kwanza niliifuata kwa uaminifu mkubwa, hata kibiriti sikukigusa. Kwa hiyo niliposikia kwamba ziko nchi ambako daktari humwandikia mtoto kengele kama anavyomwandikia dawa, nilicheka. Nilipoelewa inavyofanya kazi niliacha kucheka, kwa sababu jibu la lile swali la kuchelewa ndilo linaloeleza kila kitu: kwa nini kengele inasaidia, kwa nini inachukua miezi, na kwa nini wazazi wengi huitupa kabatini wiki ya pili.

Tuanze na usiku wenyewe. Mtu mzima akilala, mwili wake unafanya mambo matatu bila kumwuliza. Ubongo hutoa homoni ya vasopresini, ambayo huzifanya figo zipunguze mkojo. Ndiyo sababu mkojo wa alfajiri huwa umekoza rangi. Kibofu hutulia na kupokea kinacholetwa bila kujikamua. Na kikijaa, habari hupanda hadi kwenye ubongo, mtu anaamka. Kwa kikojozi, moja au zaidi ya haya halijakaa sawa. Kuna ambaye figo zake zinatengeneza mkojo usiku kama mchana. Kuna ambaye kibofu chake ni kidogo au kina pupa. Kwa kipimo cha madaktari, chukua umri wa mtoto, ongeza moja, zidisha kwa 30, upate mililita ambazo kibofu kinatarajiwa kubeba: mtoto wa miaka 7 ni kama mililita 240, haifiki chupa moja ya soda. Lakini karibu wote wana lile la tatu. Kibofu kinabisha hodi, mwenye nyumba hasikii.

Hasikii kwa sababu amelala usingizi mzito. Uvivu haumo, ujeuri haumo. Ukiwakusanya watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado wanakojoa kitandani. Ukiwakusanya 100 wa miaka 10, watakuwa kama watano. Na wako watu wazima, wachache lakini wako, wanaoficha jambo hili mpaka kwa wake na waume zao. Kati ya watoto wanaokojoa, kila mwaka wapatao 15 katika 100 huacha wenyewe bila dawa wala kengele wala mganga. Ndiyo maana kila mganga ana ushuhuda.

Na jambo lenyewe hurithiwa. Wazazi wote wawili wakiwa hawakuwahi kuwa vikojozi, nafasi ya mtoto kuwa kikojozi ni kama asilimia 15. Mmoja akiwa alikuwa, inapanda hadi asilimia 44. Wote wawili, asilimia 77. Baba anayemtembeza mwanawe uani na godoro kichwani, majirani wakiangalia, mara nyingi anamwadhibu kwa kitu alichompa mwenyewe. Aulize kwao kwanza. Bibi huwa anakumbuka.

Pwani kuna na suala la najisi. Mama anataka kuswali, chumba kinanuka, kila siku ni kufua na kuanika, hasira inapanda. Lakini hata katika fikihi, kalamu ya madhambi imenyanyuliwa kwa aliyelala mpaka aamke na kwa mtoto mpaka abaleghe. Kikojozi ana udhuru wote wawili kwa pamoja.

Jinsi kengele ilivyogeuka dawa

Ilianza kama kifaa cha wauguzi. Mwaka 1904, daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler, aliyekuwa Austria, alieleza mtambo wa kengele uliowekwa kwenye vitanda vya watoto ili wauguzi wajue nani amelowa wakambadilishe. Lengo lilikuwa usafi tu. Kilichomshangaza ni kwamba baadhi ya watoto waliowekewa mtambo ule walianza kuamka wakiwa wakavu. Wazo hilo lilikaa miaka mingi bila kuenea kama tiba. Mwaka 1938, mwanasaikolojia wa Marekani O. Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae Mowrer, waliokuwa walezi wa watoto mjini New Haven, walichapisha matokeo ya watoto 30 waliolazwa juu ya mkeka wa kitambaa na nyavu za waya uliounganishwa na betri na kengele. Wote 30 walikauka. Matokeo mazuri kiasi hicho hayakupatikana tena na wengi waliofuata, lakini njia ilikuwa imepatikana.

Ufundi wake ni mdogo kuliko redio ya mbao. Mkojo una chumvi, na maji yenye chumvi hupitisha umeme. Weka nyaya mbili zisizogusana. Zikilowa, mkondo mdogo wa betri unapita, king'ora kinalia. Siku hizi kitambuzi, yaani ile sehemu inayohisi mkojo, ni kidogo kama kibanio cha nguo, kinabanwa mbele ya chupi, na king'ora kinabanwa kwenye bega la fulana. Vipo visivyo na waya, ambavyo mlio hutokea kwenye kisanduku mbali na kitanda, na vipo vinavyotetemeka pia. Mkeka wa kutandika chini ya shuka bado upo. Fundi yeyote wa redio angeweza kukuundia, na hapo ndipo ninapoogopa: kitu chochote kilichochomekwa kwenye umeme wa ukutani kisiende karibu na kitanda kilicholowa. Betri ndogo tu.

Sasa lile swali. Kengele inasaidiaje ikiwa inachelewa?

Fikiria nyumba yenye baba mkali. Siku za mwanzo watoto wanashtuka baba akishafika sebuleni. Baada ya muda mlio wa geti unatosha. Hakuna aliyekaa kuwafundisha. Masikio yamejifunza kwamba geti huja kabla ya baba, na miguu inakimbia yenyewe. Kibofu kilichojaa ndilo geti. Kengele ndiyo baba. Kila kibofu kinapojaa na kuanza kutoa, kengele inalia papo hapo, mtoto anashtuka, misuli ya chini inabana, mkojo unakatika. Usiku baada ya usiku, ubongo unaunganisha vile viwili, mpaka ile hodi ndogo ya kibofu, ambayo zamani haikusikika, inatosha peke yake kubana. Kwa hiyo kengele inayolia dakika tano baada ya mkojo haifundishi kitu. Inayolia tone la kwanza linapoanguka inafundisha. Inachelewa leo ili mwili uwahi mwezi wa tatu.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Wazazi hudhani mtoto akifaulu atakuwa anaamka kila usiku kwenda chooni. Wengi wanaofaulu hawaamki. Wanalala moja kwa moja mpaka asubuhi, wakavu, kibofu kimejifunza kushika.

Ndiyo maana pia kumwamsha kwa saa, au kuweka alamu ya simu saa nane usiku, ni jambo tofauti kabisa. Bibi yangu aliniamsha alipotaka yeye, kibofu kikiwa kimejaa au hakijajaa, akanibeba nusu nimelala, nikakojoa macho yamefumba. Shuka lilisalimika siku hiyo, na hilo si dogo. Ila kilichofundishwa pale, kama kipo, ni kukojoa huku umelala.

Wiki za kwanza

Hapa ndipo watu huacha. Usiku wa kwanza kengele inalia, baba anaamka, mama anaamka, jirani wa chumba cha pili anaamka. Mtoto amelala fofofo. Asubuhi kifaa kinalaumiwa kwamba ni kibovu, au mtoto kwamba ana kiburi.

Si kimoja wala kingine. Watoto wengi hawaisikii mwanzoni. Katika wiki za kwanza mzazi ndiye nusu ya pili ya kifaa: kengele ikilia, anakwenda mbio, anamwamsha. Kumwamsha kweli, mpaka macho yafunguke na akili irudi. Muulize kitu kinachohitaji jibu: tumekula nini jioni? Mwalimu wako anaitwa nani? Akijibu mambo ya ndotoni, bado. Kisha aizime kengele yeye mwenyewe. Hili la mkono wa nani unazima si la mapambo; ukimzimia wewe, usingizi wake haukuguswa na somo la usiku huo limekwenda bure. Aende amalizie hata kama kimebaki kijiko, abadili chupi, kifaa kirudishwe, mlale. Choo kikiwa cha nje, usimpeleke gizani na mvua. Ndoo chumbani na tochi vinatosha.

Mazoezi ya mchana au kabla ya kulala yanasaidia kuliko maelezo. Mtoto alale kitandani taa zikiwaka, ajifanye amelala, kengele iguswe ilie, ainuke, azime, atembee hadi chooni. Mara mbili tatu, kama mchezo. Analala juu kwenye kitanda cha ghorofa? Mshushe. Ana chandarua? Ajue upande wa kutokea.

Kitandani tandika makintoshi, juu yake shuka, na uwe na seti ya pili karibu ili usihangaike kabatini usiku. Pampasi iondoke, maana inameza mkojo kabla kitambuzi hakijaupata. Chupi iwe ya pamba, ya kubana kidogo, na bukta juu yake. Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa watakutana na kero ambayo mtengenezaji wa nchi za baridi hakuifikiria sana: jasho. Nalo lina chumvi. Usiku wa Februari kengele inaweza kulia mtoto akiwa hajakojoa tone. Feni, fulana nyepesi, na kukausha kitambuzi kabla ya kukibana hupunguza, ingawa hazimalizi.

Andika kila kitu kwenye kalenda ya ukutani: saa kengele ilipolia, mara ngapi, na doa lilikuwa la ukubwa gani. Nashauri vipimo vya jikoni. Wiki ya kwanza doa ni sinia. Likishuka kuwa sahani, mtoto anajifunza, hata kama kila usiku bado analowa. Kisha kisosi. Kisha sarafu. Dalili nyingine ni kengele kulia mara moja badala ya mara tatu, au kulia saa kumi badala ya saa sita, au mtoto kuinuka kabla yako. Mzazi anayehesabu usiku mkavu peke yake ataona mwezi mzima wa kushindwa. Anayepima madoa anaona mwezi wa kusonga mbele. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2010, wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka tathmini ifanyike baada ya wiki 4: kukiwa na dalili yoyote kati ya hizi, endelea, kusipokuwa na hata moja, simamisha, mrudi kwa daktari. Kwa kawaida safari nzima huchukua wiki 8 hadi 16.

Zawadi, kama ipo, iwe kwa kile anachoweza kukifanya: kuinuka, kuzima, kusaidia kutoa shuka. Usimwahidi baiskeli akiamka mkavu. Unamlipa kwa jambo linalotokea akiwa amelala, na asipolipata atajiona ameshindwa mara mbili.

Faida yake ni kiasi gani? Mapitio ya tafiti, ambazo nyingi ni ndogo, yanaonyesha kwamba kama watoto wawili kati ya watatu hukauka wakiwa wanaitumia, na karibu nusu ya wanaoivumilia hubaki wakavu baada ya kuiacha. Nusu si muujiza. Ila hakuna dawa ya vidonge inayofikia hapo ukishaacha kuimeza.

Nani asianze

Chini ya miaka 5 hakuna cha kutibu, na wengi hungoja mpaka 6 au 7. Mtoto mwenyewe awe anataka. Asiyetaka ataitoa chini ya shuka ukigeuka. Anayelowa mara moja kwa wiki kengele haitampa masomo ya kutosha. Na mwongozo huohuo wa NICE unasema jambo ambalo ningelibandika ukutani: kengele haifai katika nyumba ambayo wazazi wana hasira na wanamlaumu mtoto. Kengele inaleta usiku mgumu mwingi. Ukiuongezea ukali, ni kipigo chenye mlio.

Shule ya bweni nayo haifai. Bweni la watoto arobaini, kengele ikilia, kesho jina la utani limeshapatikana. Na likizo moja mara nyingi haitoshi kwa wiki 8, sembuse 16. Bora kazi hii iishe kabla mtoto hajapelekwa bweni, na kama haijaisha, ningemwacha asome kutwa mwaka mmoja zaidi. Najua si kila familia ina nafasi hiyo.

Kabla ya kununua chochote, mpeleke hospitali akapimwe. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi akaanza ghafla kulowa, huku anakunywa maji sana na kukonda, apelekwe siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa kisukari. Maumivu wakati wa kukojoa, homa, au damu kwenye mkojo, hasa kwa anayeoga kwenye mito na madimbwi yenye kichocho, hayatibiwi na kengele. Choo kigumu ni mchawi asiyeshukiwa: utumbo uliojaa hukigandamiza kibofu, na wapo watoto wanaokauka baada ya choo kulainika tu. Anayekoroma sana na kulala mdomo wazi aangaliwe nyama za puani. Mchana pia analowa? Kianze kutatuliwa cha mchana.

Na kwa kwetu, sikoseli, yaani selimundu. Kanda ya Ziwa, magharibi ya Kenya, Uganda, kila mtaa una mtoto mwenye selimundu, na wengi wao hukojoa kitandani kwa sababu ugonjwa huharibu uwezo wa figo kukoza mkojo: figo zinatoa mwingi, mwepesi, usiku kucha. Ushauri wa kila jirani, "mnyime maji jioni", kwa mtoto huyu ni hatari. Akikosa maji damu yake inanata na maumivu yanaanza. Anywe. Shuka litafuliwa.

Hata kwa wengine, kunyima maji si njia. Mtoto anywe vya kutosha asubuhi na mchana, apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala. Kinachostahili kuondoka jioni ni chai ya rangi na soda ya kola, kwa kuwa zina kafeini, nayo huongeza mkojo. Kaya zetu nyingi hushushia chakula cha usiku kwa chai, watoto wakiwemo, kisha tunashangaa.

Dawa zipo. Desmopresini ni nakala ya ile vasopresini. Inakausha usiku huohuo kwa baadhi ya watoto, na ni nzuri kwa safari au kulala kwa shangazi. Ukiiacha, wengi hurudia. Sharti lake ni moja na halina msamaha: mtoto asinywe maji kwa muda wa saa 1 kabla ya kidonge na kwa muda wa saa 8 baada yake, la sivyo chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege. Imipramini, dawa ya zamani ya sonona ambayo nayo huandikwa kwa vikojozi, ikimezwa nyingi huua moyo. Isikae mahali ambapo mdogo wake anafika.

Maduka mengi ya dawa hayana kengele hizi; watu huagiza mtandaoni au kwa ndugu walioko nje. Ukiagiza, tazama mambo matatu tu: betri zake zinapatikana dukani kwa Mangi, kitambuzi kinaosheka, na mlio una nguvu. Rangi na michoro ya katuni ni pesa ya bure.

Mtoto akifikisha usiku 14 mfululizo mkavu, kuna hatua ambayo wazazi huiona ni kuchokoza nyuki: mpe maji ya ziada kabla ya kulala, nusu kikombe, baadaye kikombe, kengele ikiwa bado imevaliwa. Hili si la mwenye desmopresini. Anaweza kulowa tena siku mbili tatu, kwa hiyo mwambie mapema kwamba mnajaribu kifaa, si yeye. Kibofu kilichofaulu mtihani huu hakirudi nyuma kirahisi. Zikija tena siku 14, vua. Akilowa zaidi ya mara mbili ndani ya wiki mbili, mvalishe upya siku hiyo; raundi ya pili huwa fupi. Toa betri, futa kitambuzi kwa maji ya sabuni, kihifadhi penye ukavu miezi michache kabla hujamwazima dada yako, ambaye bila shaka naye ana mmoja, kwa sababu ya yaleyale ya kurithi.